Pumzi ya Fundi Kulabu

Fundi cherehani yule hakuitwa Kulabu kwa sababu ya kushona kulabu. Ni mgongo. Alikuwa ameinamia cherehani tangu ujana wake, mpaka mgongo ukasahau kwamba uliumbwa wima. Mwenyewe hakujali, na angeendelea kutojali kama si mjukuu wake.

Mjukuu huyo alikuwa ameng'oka jino la mbele, na tangu siku hiyo akawa anazungumza huku kaziba mdomo kwa kiganja. Haja yake duniani ilikuwa moja tu: ainuliwe hadi rafu ya juu kabisa pale dukani, alishike mwenyewe kopo la vifungo vya kung'aa. Babu alijaribu. Alimfikisha usawa wa kiuno, mgongo ukalia ko! na wote wawili wakaangukia rundo la vitambaa.

"Basi, babu," mtoto akasema kwenye kiganja chake. "Nitasubiri nirefuke."

Maneno yale yalimchoma fundi kuliko sindano yoyote.

"Kesho twende wote kwenye mazoezi ya pilates," mkewe akakata shauri. "Nitazame mimi, mgongo umenyooka kama rula."

"Mm," fundi akajibu. Mdomo ulikuwa na pini. Mafundi wenzake huchomeka pini kwenye kimto. Yeye alizibana kwa midomo, na hivyo hivyo alipokea wateja, alipatana bei, na hata alichumbia. Mkewe hudai kwamba mpaka leo hajui siku ile aliulizwa nini.

Ukumbini walivua viatu, wakatandika mikeka mbele ya kioo kikubwa. Mwalimu alikuwa binti mwembamba mwenye sauti ya kubembelezea watoto.

"Laleni chali, kunjeni magoti, nyayo chini. Vuta hewa kwa pua. Sasa toa kwa mdomo, vuta kitovu ndani, nyanyua kiuno taratibu."

Darasa zima likafanya fuuu. Fundi alivuta hewa vizuri sana, kisha midomo ikajifunga kama zipu. Kupuliza? Fundi akipuliza, pini zinatawanyika; akivuta, anazimeza! Mazoea yana taabu jamani. Kiuno kilipanda, mashavu yakavimba, macho yakamtoka.

"Toa pumzi, baba!" mwalimu akasihi.

"Mm-mm!"

"Mume wangu, humo mdomoni hamna pini!" mkewe akapaza sauti kutoka mkeka wa pili.

Pumzi ilipoona mlango wa mbele umefungwa, ikatumia wa nyuma. Mkeka ulitetemeka. Mwalimu akasema, kwa adabu zote, kwamba hilo nalo hutokea kwa wanaoanza.

Fundi alitamani sakafu immeze. Lakini maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na yeye alishavua viatu. Akarudi wiki iliyofuata, na iliyofuata tena. Nyumbani mkewe alimwekea chai ya moto na kumwamuru aipulize. Maskini, miaka yote alikuwa akingoja ipoe yenyewe. Polepole midomo ikalegea. Kiuno kikaanza kunyanyuka bila kelele, wala za mgongo wala za kwingineko.

Siku moja mjukuu alikuwa chini ya meza ya kukatia, akiokota nyuzi. Fundi akasimamisha cherehani.

"Mm," akamwita, akionyesha rafu kwa kidole.

Mtoto akatoka akisita. Fundi akakunja magoti, akavuta kitovu ndani, akakumbuka. Akazitoa pini zote mdomoni, akazichomeka kwenye mkono wa koti la mteja. Akamshika mjukuu kwapani, akavuta hewa kwa pua.

Fuuuuu!

Mtoto akapita kiuno, akapita kifua, akapita mabega. Mgongo haukusema neno. Akalinyakua kopo kwa mikono miwili, halafu akainamisha kichwa na kusahau kabisa vifungo. Alikuwa akiutazama mdomo wa babu yake, ulio wazi na bila pini, kama anauona kwa mara ya kwanza. Na kweli, ilikuwa mara ya kwanza.

"Babu! Kumbe na wewe una pengo!"

"Tangu mama yako hajazaliwa," fundi akajibu, maneno yametoka mazima, moyo umemjaa furaha.

Mtoto akacheka huko juu, mdomo wazi, mikono yote miwili imekumbatia kopo.