Mdoli Chini ya Shuka

Wanafunzi walimpachika jina Mama Kona, kwa sababu hakuna aliyefuzu mikononi mwake bila kujua kukunja kona za shuka zikakaa sawasawa. Alikuwa mkufunzi wa uuguzi kwa miaka thelathini, na sasa, akiwa kiongozi wa chama cha wakufunzi, aliketi mbele ya kamati ya bunge akiomba fungu la fedha za vyumba vya mazoezi. Chuoni kwake wanafunzi mia na ishirini waligombea mdoli mmoja wa kujifunzia, mkubwa kama mtu. Mwezi uliopita binti wa mwaka wa pili alimchoma mtoto sindano mara tano wodini akitafuta mshipa, maana zamu yake ya kujaribu kwenye mdoli ilikuwa haijafika. Mtoto alilia, mama yake akalia, na yule binti akaacha masomo.

Kamati iliwapa yeye na katibu wa chama dakika kumi. Nne zililiwa na salamu na vyeo vya waheshimiwa. Kisha karani akasoma ripoti ya ziara ya kamati chuoni kwake mwaka jana: chuo ni nadhifu, vitanda vimetandikwa, vifaa vinatosha. Mwenyekiti, mzee wa miwani na sauti ya taratibu, akasema kama ni hivyo basi fedha ziende kwingine.

Vifaa vinatosha! Damu ilimchemka Mama Kona. Aliikumbuka ziara yenyewe: waheshimiwa walipita mbio mbio, wakachungulia mlangoni, wakapigwa picha, wakaenda zao. Hakuna aliyeinua hata ncha ya shuka. Lakini kilichomuuma zaidi ni kwamba shuka lile alilitandika yeye mwenyewe. Aliposikia wageni wanakuja, alifanya kile ambacho kila muuguzi hufanya daktari anapokaribia kupita wodini: alifuta, akapanga, akamfunika mdoli hadi kidevuni na kukunja kona. Alikuwa anaomba msaada huku akiificha shida kwa mikono yake mwenyewe. Ujinga gani ule!

Bahati nzuri mdoli alikuwa garini. Asubuhi ile walimpitisha kwa fundi, naye fundi akasema huyu hatengenezeki tena. Mama Kona alimnong'oneza katibu wa chama, mwanamume wa maneno machache, naye akatoka, akarudi na mdoli begani amezungushiwa shuka jeupe. Akamlaza mezani, juu ya makaratasi ya waheshimiwa.

Mama Kona akalivuta shuka. Mkono wa kulia ulikuwa umechanika kwa kuchomwa, umebandikwa plasta juu ya plasta. Kifua kilikuwa kimebonyea na hakirudi. Shingo ilishikiliwa na bandeji.

Mwenyekiti akavua miwani. "Sasa mama, mwaka jana mlimfunika ya nini?"

"Tumefundishwa kumsitiri mgonjwa, mheshimiwa," alijibu Mama Kona. "Kumbe tuliowasitiri ni ninyi."

Karani aliinamia ripoti yake, akajifanya anatafuta ukurasa. Mwenyekiti akakohoa, akaomba kwa upole mdoli afunikwe kwanza ndipo waendelee.

Mama Kona akalikunja shuka mara nne, kona kwa kona, akalitia mkobani, akakaa.