Nyumba Kumi na Tisa za Machimboni

"Hakuna mlango Brannock ambao mkono huu haujaugonga!" alisema Garrett Osterman, akaunyanyua mkono wenyewe juu ya sahani za chapati za maji ili watu wauone vizuri. "Nyumba elfu moja mia nane na arobaini, kwa miguu. Ukitaka kujua mbwa wa nani anauma, usihangaike, niulize mimi!"

Watu wakacheka, wakapiga makofi kwa uma na visu.

Ilikuwa Jumamosi ya kwanza ya Oktoba, siku ambayo wazimamoto wa kujitolea huyatoa magari yao nje, wakapanga meza ndani ya banda na kuupikia mji mzima chapati za maji na soseji. Mwaka wa uchaguzi kila mgombea hupewa dakika mbili za kusema, na dakika hizo zina nguvu kuliko mabango yote yanayosimikwa kwenye nyasi za watu. Brannock hawakuulizi sera. Wanakuuliza, ulikuja kwangu? Bi Lorraine Pruitt, diwani wa miaka kumi na miwili, mwaka huu magoti yalimgomea, badala ya kuzunguka akatuma barua majumbani. Barua! Basi kiti kikaanza kunukia, na Garrett, muuza rangi wa miaka ishirini na tisa, alikuwa anajiona ameshakikalia na kuzungushazungusha miguu.

Meza ya mbele alikaa baba yake, mzee Walt, ameikunjua ramani ya mji juu ya meza, pembe moja imelowa asali. Kila jioni, kila Garrett aliporudi na kusema, "Elm tayari, baba. Sycamore tayari," mzee alishika kalamu ya njano akaupaka mtaa ule polepole, kama mtu anayempaka mtoto mafuta. Sasa alikuwa anamwonyesha jirani yake. "Tazama hapa, bwana. Umeona pengo? Huyu kijana sikumlea kwa maneno matupu."

Garrett akaitazama ile njano, hasa kimkia chake cha chini, upande wa kulia. Akayaondoa macho haraka.

Kimkia kile ni Barabara ya Machimbo. Brannock yenyewe ni ndogo, unaimaliza kwa baiskeli kabla hujatoka jasho. Juu iko mitaa yenye majina ya miti, miti ambayo ilikatwa ili mitaa ipatikane. Katikati kuna shule, maktaba na tangi la maji. Chini kuna kijito, na ukishavuka kijito kuna barabara kuu ambayo watu wa jimbo waliipitisha zamani bila kumwuliza mtu, ikaziacha nyumba kumi na tisa za Machimboni ng'ambo. Kufika huko sharti utoke Brannock, uingie mji wa jirani, uyapite maduka makubwa, upite chini ya daraja la reli, ndipo uingie Brannock tena, kama mtu anayepitia sebuleni kwa jirani ili afike chumbani kwake. Kodi ya Machimboni haijawahi kupotea njia. Gari la kusukuma theluji ndilo hupotea kila mwaka.

Garrett alikwenda. Hilo mpe. Ilikuwa Jumapili ya mwisho ya Agosti, jua linachoma hadi lami inanata. Alipita madukani akajinunulia aiskrimu, akaja kusimama chini ya daraja la reli, kwenye kivuli. Toka pale aliiona nyumba ya kwanza. Kibarazani viti vilikuwa vimepangwa safu moja, watu kama wanane hivi wamekaa, na mbele yao jagi limefunikwa kitambaa cheupe. Alijiambia, hawa wana sherehe yao, si adabu kuwavamia. Lakini moyoni alijua. Alijua wangemwuliza habari ya theluji, na habari ya kijito kinavyoingia mpaka vyumba vyao vya chini kila masika, naye jibu hakuwa nalo. Tena aliona magari mawili mabovu yasiyo na magurudumu kwenye uwanja wa mtu, akawaza, na wazo hili ndilo lililokuwa likimwamsha usiku: *hawa hata kura hawapigi.*

Alimaliza aiskrimu. Akageuza gari.

Nyumbani mzee alikuwa ameshaifungua kalamu. "Machimboni je?"

"Tayari, baba."

"Walikupokeaje?"

"Vizuri sana."

Alikusudia kurudi Jumamosi. Jumamosi ikanyesha, inayofuata akaitwa kazini, halafu ikawa aibu kurudi kule ulikosema umeshafika.

"Haya, swali moja moja!" Mkuu wa wazimamoto, Duane Kessler, aligonga sufuria kwa mwiko, aproni imejaa unga. "Garrett, wewe kijana uliyemaliza soli za viatu! Kuna hili neno la daraja la waenda kwa miguu, juu ya barabara kuu. Bi Lorraine anasema watu wa Machimboni hawajawahi kuliomba. Wewe ulifika kwao. Wanasemaje?"

Hapo mlango wa kutokea ulikuwa wazi kabisa. Angesema, "Mkuu, kule sikufika," wangeguna kidogo, wangemsamehe. Akamtazama baba yake. Mzee alikuwa amemwekea kidole kwenye kile kimkia, anamwitikia kwa kichwa kumtia moyo: sema, mwanangu, sema.

"Wanalitaka," Garrett akasema. "Tena sana. Nilikaa nao kibarazani karibu saa nzima. Kuna mama mmoja alinimiminia maji ya limau, akaniambia kwa uchungu, mwanangu, tumesahaulika."

Watu wakaguna kwa huruma. Bi Lorraine, aliyekaa akisubiri zamu yake ya kusema, akainama, akatazama nakala za barua zake.

"Mama yupi huyo, mwanangu?"

Sauti ilitoka nyuma, kwenye pipa la kahawa. Haikuwa kali. Mwanamke wa makamo, kikombe mkononi, nywele kazifunga kwa kitambaa.

"Ah, mama... jina limenitoka. Milango ilikuwa mingi."

"Alivaa nini?"

Watu wakacheka, wakidhani ni utani. "Mbane, Arlene!" mtu akapiga kelele. "Usimwachie!"

"Blauzi," Garrett akasema. "Nadhani ya bluu."

"Ilikuwa ya waridi. Niliinunua Ijumaa iliyotangulia." Akakiweka kikombe chini. "Mimi ni Arlene Tackett, nyumba ya kwanza ukitoka chini ya reli. Tulisikia kuna mgombea anapita nyumba kwa nyumba. Miaka thelathini na moja nimekaa kule, mgombea sijamwona hata kwa dawa. Tukakusanyika kwangu ili asichoke kuzunguka. Mzee Earl akamfungia mbwa wake bafuni."

Kicheko kikafa meza moja baada ya nyingine.

"Likaja gari jekundu, likasimama kivulini," Arlene akasema. "Earl akataka kukufuata. Nikamwambia, mwache kijana, amalize aiskrimu yake kwanza, joto hili."

"Mama, mimi nilidhani..." Garrett alianza. "Nilidhani mna sherehe."

"Tulikuwa nayo." Hakumkasirikia, na afadhali angemkasirikia. Alimtazama kama mtu anayetaka tu kuhakikisha jambo lililomsumbua wiki nyingi. "Niambie moja tu. Ulipokuwa unageuza, mimi nilisimama nikakupungia mkono. Nikasema, labda hajatuona. Wewe ukanipungia. Au macho yangu?"

Banda zima likamgeukia. Garrett hakuthubutu kuitazama meza ya mbele.

"Nilikupungia, mama," akasema.