Mashua ya Baba Mkwe

Nitasema ukweli mapema, maana wengine wataniwahi kuusema: mashua ya mdogo wangu Lazaro ilikuwa nzuri. Tangu alipoanza kuijenga, chakula hakikunishuka.

Hapa Matema mimi ndiye fundi wa mitumbwi. Nilijifunza mwenyewe, kwa tezo moja na vidole vilivyokatikakatika, na kutoka chini ya milima hii mpaka mdomo wa mto Lufilyo nusu ya mitumbwi unayoiona imetoka mikononi mwangu. Baba yetu, mzee Nsajigwa, alivuka ndani yake miaka mingi. Hakuwahi kuniambia hata mara moja kwamba nimefanya vizuri. Alikuwa akishuka, anakung'uta maji miguuni, anakwenda zake. Mimi ni mtu mzima, nina mke na binti, na bado nilikuwa nikisimama pale ufukweni kila mara nikingoja aseme neno.

Lazaro alikaa misheni miaka sita. Alirudi mwaka wa pili tangu vita vya Majimaji vizimwe huko kusini, akiwa na msumeno, randa, na tabia ya kuchora mistari ya mkaa juu ya kila ubao aliokutana nao. Alisema atajenga mashua ya mbao, yenye tanga, kwa ajili ya mke wake Yunis. Yunis ni Mkisi, mfinyanzi kama mama yake, na vyungu vyake vilikuwa vinakwenda Mwaya kubadilishwa kwa mpunga. Katika mtumbwi unapakia vyungu kumi, unavizungushia majani makavu ya migomba, na ukifika vitatu vimepasuka. Lazaro alimwahidi kwamba katika mashua yake vyungu thelathini vitakaa vimetulia kama vimewekwa nyumbani. Mtumbwi uliokuwa ukivunja vyungu hivyo ulikuwa wangu. Hakulitaja hilo, lakini watu wote walijua ni mtumbwi wa nani.

Akaangusha mvule nyuma ya mashamba ya mpunga, akaupasua mbao. Misumari aliiagiza kwa wahunzi wa Kikinga ng'ambo ya mlima, ikashushwa kichwani ndani ya kikapu. Mbavu za mashua alizitafuta porini, matawi yaliyojipinda yenyewe, na kila moja aliligeuza na kulipima kana kwamba anachagua mchumba. Nyufa alizishindilia pamba iliyochovywa kwenye ulimbo uliochemshwa na mafuta ya mbono. Tanga lilikuwa la kitambaa cha marekani, na Yunis ndiye aliyelishona, akilitandaza mchangani asubuhi na mapema kabla ya watu kutoka.

Nilipita pale kila siku, nikijifanya nina shughuli upande ule. Nilitafuta kasoro. Niliwaambia watu kwamba mbao zilizoungwa hazina undugu, siku moja kila ubao utakwenda njia yake. Walicheka kidogo, kisha wakaenda kumshikia Lazaro ubao.

Hayo yote ningeyavumilia. Lililonikaba ni baba. Kila asubuhi alibeba kigoda chake mwenyewe, akaketi kando ya mashua mpaka jua linapokuwa kali. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu, kwa hiyo alipapasa. Alipapasa mbao, misumari, mbavu, akauliza hii ni ya nini na ile ni ya nini, na Lazaro akaacha kazi kila mara kumweleza. Siku moja niliburuta mtumbwi mpya, kazi ya miezi miwili, nikaupitisha makusudi mbele ya kigoda chake. Baba aliinua miguu ili nipite, akaendelea kuuliza habari za mkuku, ule uti wa chini wa mashua. Niliona wivu, na sioni haya kusema hivyo.

Sasa nieleze jambo la kwetu ambalo Lazaro, kwa elimu yake, alikuwa amelisahau. Kwetu Wanyakyusa mke wa mtoto na baba mkwe hawakutani. Mwanamke haoni uso wa mkwe wake, hapiti mlangoni pake, haketi alipoketi, wala hatamki jina lake au neno lolote linalofanana nalo. Baba alibatizwa uzeeni na akachagua kuitwa Nsajigwa, yaani aliyebarikiwa. Tangu siku ile wake zetu wakapoteza neno zima. Mke wangu Felista, sala ikifika penye baraka, anakohoa. Yunis naye, kwa kuwa aliolewa akitoka kwa Wakisi, alilishika jambo hili kuliko waliozaliwa nalo, asije mtu akasema hakufunzwa. Lazaro aliambiwa misheni kwamba hayo ni mambo ya kale, akadhani nyumbani pia yamekwisha.

Siku ya kuishusha mashua ziwani watu walijaa. Wanaume walitandika vigogo vya migomba mchangani, mashua ikateleza juu yake mpaka majini. Wanawake walisimama mbali, nyuma ya nyumba ya nyavu, kwa sababu baba alikuwa mbele kabisa ameshika ubavu wa mashua. Yunis alikuwa na vyungu vyake thelathini kando yake, vimeshafungwa tayari kwa safari.

Maji yakaingia. Yalipenya katika maungio mawili, yakatambaa chini ya mbavu, na moyo wangu ukaruka kwa furaha. Lazaro hakushtuka. Alisema mbao zinakunywa, ziachwe zishibe. Tukangoja, na jua lilipofika utosini maji yalikuwa yamekoma, mashua ikaelea kavu, imetulia kuliko chombo chochote nilichowahi kuchonga. Baba akacheka kwa sauti. Sikumbuki kama niliwahi kumsikia akicheka hivyo.

Mwalimu wa misheni akaomba, kisha akauliza chombo kitaitwaje. Nilijua Lazaro amechagua Tumaini, alikuwa ameninong'oneza wiki nzima. Alifungua mdomo, nami nikamtangulia.

"Mwalimu, mimi ni mkubwa wake, niruhusu," nilisema. "Chombo hiki kiitwe Nsajigwa. Na mwenye jina aketi ndani wa kwanza."

Nilisema mbele ya baba mwenyewe, na ujanja wote ulikuwa hapo. Nani angesimama mbele ya mzee na kusema jina lake halifai? Lazaro alinikumbatia, macho yamemlowa, akaniambia kwamba hakujua kumbe nampenda kiasi hiki. Wakamshika baba mkono, wakamketisha kwenye ubao wa katikati, chini ya mlingoti. Mwalimu akalitamka jina, akaliombea. Watu wakapiga vigelegele.

Mimi nilikuwa natazama nyuma ya nyumba ya nyavu. Yunis alivuta kaniki yake, akafunika kichwa, akaipa mashua mgongo. Kisha akaanza kufungua kamba za vyungu, kimoja kimoja.

Ndipo Lazaro akaelewa. Nilimwona akielewa, akageuka kumtazama mkewe, akageuka kumtazama baba aliyekuwa akipapasa ubao alioukalia na kutabasamu. Angefanya nini? Kumvua mzee jina mbele ya watu, baada ya sala, ni sawa na kumtakia kifo. Akapandisha tanga alilolishona Yunis, wakaenda bila yeye.

Nilirudi nyumbani nikipiga mluzi. Nilikuta jiko limezimwa na Felista ameketi tu, mikono mapajani.

"Umemkomoa Yunis," alisema. "Na mimi je, baba Veronika? Mimi nimeolewa ukoo mwingine?"

Nawaapia sikuwa nimelifikiria hilo. Nilikuwa nimeshughulika sana na mke wa mwenzangu hata nikasahau kwamba baba ni mmoja. Nilimwambia Felista asikuze mambo, hana haja ya mashua, ana mume mwenye mitumbwi. Jiko halikuwashwa mpaka kesho yake.

Wiki iliyofuata Yunis alikuja kuomba nimpeleke Mwaya na vyungu vyake. Alisimama mlangoni akiwa mpole kama kawaida, akaniita shemeji, hakutaja mashua. Nilijiona nimeshinda. Felista naye alikuwa na mpunga wa kupeleka kwa dada yake, basi nikawapakia wote wawili.

Tulikuwa bado hatujafika Lufilyo tanga likatokea nyuma yetu, jeupe, linaonekana mbali sana. Na chini ya tanga alikuwemo baba. Tangu siku ile ya kwanza mzee hakutaka kushuka. Kila Lazaro alipokwenda Mwaya na abiria wake, wote wanaume, baba alikuwa katikati, amevaa kanzu, ameshika mlingoti. Wanawake walipoliona tanga walijifunika kaniki, wakalala kifudifudi kati ya vyungu. Mtumbwi ulipepesuka. Nikalazimika kuugeuza na kuuchomeka kwenye matete, tukangoja mpaka chombo kipite na kutoweka. Vyungu viwili vilipasuka kwa kuangukiwa na kiwiko cha mke wangu mwenyewe.

Ikawa hivyo kila safari. Safari ya asubuhi ikawa ya kutwa. Upepo ukiwa mzuri Lazaro alitupita akienda, akatupita tena akirudi, na sisi bado tuko kwenye matete yale yale, wanawake wamelala, mimi naua mbu. Watu wa Mwaya wakaanza kuniuliza kama nimeanza kazi ya kuchunga viboko. Na nisingeweza kumlaumu mtu, maana kila mmoja alikuwa ananisifu kwa jina nililolitoa.

Mwezi wa tatu wa mambo hayo upepo ulikufa ghafla tukiwa mdomoni mwa Lufilyo. Mashua ilikuwa karibu kuliko siku zote, mikono ishirini labda, na mkondo wa mto ulikuwa unaisukuma taratibu kutufuata. Matete yalikuwa mbali. Felista na Yunis walikuwa tayari chini, wamejikunja, wamefunikwa kama mizigo. Mimi nilikuwa nyuma na kasia langu.

Baba alisikia kasia. Macho hayakumsaidia tena, lakini masikio yalikuwa mazima, na aliujua upigaji wangu wa maji. Sikuwa najua kwamba anaujua.

"Angetile," aliita. "Ndaga, mwanangu. Ndaga fijo. Nimekaa na wanangu wote, wewe ndiwe uliyenikumbuka. Lete mtumbwi huku nikushike mkono."

Kasia lilisimama lenyewe. Miaka yangu yote nilikuwa nimengoja asante hiyo kutoka kwa baba, na lilikuwa limekuja kwa ajili ya jambo baya kuliko yote niliyowahi kumfanyia mtu. Lakini nililitaka. Ningelichukua hivyo hivyo, na uovu wake wote. Nilizamisha kasia kugeuza mtumbwi kwake, na Felista akanishika kifundo cha mguu kwa vidole vyote vitano.

"Usitupeleke," alisema chini ya kaniki. Alikuwa analia. Yunis alijikunyata zaidi, na chungu kimoja kikagongana na kingine.

Ningeweza kumwambia baba kwamba wakwe zake wamo. Lakini hilo lingemfanya aone aibu mbele ya abiria wote, mzee aliyewaita wake za wanawe wasogee karibu wakiwa wamelala miguuni pangu. Sikuwa na neno ambalo lingetoka kinywani bila kumdhuru mtu. Nikanyamaza, kasia limo majini. Baba alinyoosha mkono nje ya mashua, akauacha hapo, anangoja.

Lazaro alikuwa kwenye usukani. Aliyaona yote: kaniki mbili, vyungu, mimi. Hakunitukana, wala hakuwaambia abiria. Alisukuma usukani, akaweka ubavu wa mashua kati ya baba na wake zetu, akawaambia wanaume washike makasia. Kisha akamwinamia mzee, akamrudisha mkono wake ndani kwa upole.

"Kaka hakusikia, baba," alisema.

"Huyo," alisema baba, "hajawahi kunisikia."

Akauliza kama upepo utarudi. Lazaro akaanza kumweleza.