Usingizi wa Ukumbini

Mjukuu wangu aliponiambia chuoni kwao anakuja mwanaharakati, nilimuuliza hiyo haraka ni ya kwenda wapi. Akacheka mpaka akashika ukuta.

"Si haraka, Bibi, ni harakati. Ni mtu anayetetea haki za watu."

Sawa. Siku yenyewe ilipofika, mgeni alichelewa karibu saa nzima, nikaamini kweli haraka hana.

Wanafunzi wenzake walikuwa wamemchagua mjukuu wangu ndiye apande jukwaani kumkaribisha mgeni. Maneno yake aliyakariri jikoni mpaka sufuria zikayajua. Kikwazo kilikuwa baba yake, mwanangu wa kwanza, fundi umeme wa chuo hichohicho. Mkuu wa chuo hakumfurahia mgeni huyo, na yeye akikunja uso, mwanangu huanza kufungasha vifaa vyake. Asubuhi ile, tukinywa chai, alisema:

"Ukipanda pale, nazima kipaza sauti. Mimi nakula palepale."

Binti akainamia kikombe. Nikamjibia mimi.

"Basi na mimi nakuja."

"Mama, wewe utafuata nini huko?"

"Feni. Nasikia mnazo nyingi."

Ukumbi ulikuwa umejaa vijana. Nyuma kabisa, ukutani, kulikuwa na sanduku la swichi na vitufe vya kipaza sauti, na chini yake amekaa mwanangu, mkono wa kulia uko juu juu kama wa mtu anayevizia mbu. Nikaenda nikaketi upande huohuo wa kulia. Mgeni akaingia, mwanamke mfupi mwenye raba miguuni na mkoba begani, makofi yakapigwa. Mjukuu wangu akapanda jukwaani. Nikahisi bega la mwanangu linainuka.

Hapo hapo nikalala.

Nililala ule usingizi wa makusudi: kichwa begani kwake, mkono wangu umeuzunguka wake kama mmea unaotambaa, na kukoroma juu. Mtoto niliyemlea mimi anaweza kugombana na serikali, lakini kumwamsha mama yake hawezi.

Kule jukwaani mambo yalikuwa mabaya. Sauti ya mjukuu ilitoka nyembamba, inatetemeka, hata watu wa safu za mbele wakatega masikio. Minong'ono ikaanza. Ndipo mwanangu akapaza sauti:

"Mama, ongeza sauti!"

Nilishangaa. Lakini mtoto akiomba, mzazi hutoa. Nikaongeza. Nilikoroma kama trekta linalopanda mlima na tela nyuma. Ukumbi mzima ukageuka kunitazama, kisha ukapasuka kwa kicheko.

Kumbe si mimi niliyeambiwa! Binti yule amebeba jina langu, na baba yake tangu azaliwe humwita mama. Nyumbani kwetu akina mama tuko wawili, na aliyetakiwa kuongeza sauti ni yule wa jukwaani.

"Samahanini," mjukuu akasema, naye kicheko kimembana, "yule ni bibi yangu. Hotuba haijaanza, yeye tayari imemchosha."

Wakacheka tena, na kile kicheko kikamfungua koo. Maneno yakaanza kumtoka kama anaongea na sufuria zake. Nikachungulia kwa jicho moja, nikamwona mwanangu ananyoosha mkono wa kushoto kwenye sanduku. Wa kushoto! Mimi na ujanja wangu wote nimeufunga wa kulia. Nikasubiri kimya kituangukie. Badala yake sauti ya binti ikajaa ukumbi mpaka vioo vya madirisha vikaitikia. Alikuwa ameipandisha.

Mgeni naye akachukua kipaza sauti.

"Wanasema napenda ugomvi," alisema. "Mimi nauliza tu. Sisi tukimwita kiongozi, tunasema mheshimiwa. Yeye akituita sisi, anasema enyi. Hivi heshima ni barabara ya kwenda tu, haina kurudi?"

Jamani, kulala macho ni kazi ngumu. Nilijizuia, nikajizuia, mwisho nikacheka usingizini.

Mwanangu akaniinamia. "Mama."

Safari hii nilijua ni mimi. "Naota," nikamwambia.

"Ndoto gani hiyo yenye kicheko?"

"Ya heshima. Mkuu wako wa chuo yukoje huko mbele?"

"Amenuna."

"Sana?"

"Mpaka masikio. Kesho ataniita."

"Utamwambia nini?"

Akamtazama binti aliyeketi pembeni ya mgeni, mgongo umenyooka.

"Nitamwambia mimi ni fundi umeme. Umeme uliwaka, haukuwaka?"

"Uliwaka, baba."

"Basi. Fumbua macho umwone mjukuu wako."

Nikafumbua yote mawili. Kichwa nilikiacha palepale begani, maana viti vya chuo havina mto.