Nakala ya Sauti ya Mama

Simu iliendelea kuwaka kwenye kitako cha mtungi, mwanga wake ukitetemeka ndani ya maji ya kunywa, na mwanangu Abigail, mwaka mmoja na nusu, akapiga makofi kwa alichokitupa. Nilipoitoa ilizimikia mkononi mwangu.

Sikulia. Hata nilicheka. Mwalimu Jubilate wa darasa la jioni alitufundisha kuhifadhi nakala ya kila kilichomo kwenye simu, huko mtandaoni, ili simu ikifa, vilivyomo visife nayo. Kila Jumapili nilijiunga bando, nikabonyeza, nikasubiri alama ya vema. Mama alikuwa na miezi mitano kaburini, lakini sauti yake ilikuwa na alama ya vema.

Mama alikuwa Mkisi, mfinyanzi. Alipoanza kuumwa nilimfuata ufukweni mwa ziwa, ng'ambo ya Matema, nikamrekodi dakika arobaini akichagua vyungu vilivyotoka motoni. Alivigonga kwa kifundo cha kidole.

"Sikia. Hiki kitafika sokoni Ipinda. Hiki kitapasuka njiani."

Masikioni mwangu vyote vililia sawa.

"Mama, rudia. Simu imeniteleza."

"Unanisikiliza, au umeshika simu?"

"Simu inasikiliza, mama."

Akacheka mpaka akakohoa. Akaisogelea simu kama mgeni mlangoni. "Haya. Ndaga, simu. Asante kwa kunisikiliza."

Mtungi ule wa maji ya kunywa alinipa siku hiyo.

Simu ilipokufa nikaenda Mbugani, dukani kwa Sylvester, aliyeniuzia. Nikachukua nyingine, ya mtumba, nikamwomba anirudishie vitu vyangu. Akaniuliza nywila.

"Si wewe ndiye uliyenifungulia akaunti?"

"Mama Abigail, nafungulia watu kumi kwa siku. Naandika chochote tu, mteja asikae foleni."

"Na namba ya kuthibitisha?"

Akajikuna shingo. Alikuwa ameweka laini yake mwenyewe, ile aliyokwisha kuitupa.

"Ila usiwe na wasiwasi, dada. Vitu vyako vipo, salama kabisa. Hakuna mtu anayeweza kuvifungua."

"Hata mimi?"

Akaanza kufuta kioo cha simu ambacho hakikuwa na vumbi.

Nywila nimezijaribu nyingi tangu siku ile. Jina la duka lake. Jina langu. Jina la mama, nikiliandika polepole kama naliandika msalabani. Mama yupo huko anaongea, dakika arobaini, na mimi niliyekaa hatua mbili kutoka kwake sikusikiliza.

Abigail sasa ana miaka mitatu. Jumamosi nilikwenda naye sokoni Ipinda, walipopanga vyungu wanawake wa ufukweni. Nikagonga kimoja. Nikagonga cha pili. Naye akakunja kidole chake kidogo, akagonga, akainamisha sikio.

"Mama, hiki kinasemaje?"

Nikachuchumaa karibu naye.

"Sijui, mwanangu. Gonga tena."