Paa Jeupe la Krismasi

Mama alipenda paa jeupe. Kila Krismasi ilipokaribia, kabla wanawe hatujafika nyumbani kijijini Akheri, alipanda ngazi na brashi ya waya, akasugua kuvu kwenye paa la asbesto mpaka likang'aa. Baba alishika ngazi chini, vumbi likimwangukia kichwani, wote wawili wakicheka. Mama alisema wageni wakiliona paa wajue nyumba hii ina mwenyewe. Majirani nao walisugua ya kwao vivyo hivyo. Hakuna aliyetuambia kitu, na wale waliojua wakanyamaza, nina hasira nao hadi leo.

Siku hizi najua, maana ndiyo kazi yangu. Niko kwenye kiwanda kidogo huku Lemara kinachopokea asbesto ya majengo yaliyobomolewa. Tunailowesha, tunaifunga kwenye nailoni nzito, kisha tunaichoma kwenye tanuri kwa joto kali mno, mpaka zile nyuzi zake zinazoharibu mapafu zigeuke kitu kingine kabisa. Kinachobaki tunakisaga, tunakichanganya na saruji, tunatengeneza vigae.

Daktari alipotuambia mapafu ya Mama yameliwa na vumbi la paa lile na hayatapona, nilikwenda na wenzangu wa kiwandani tukalishusha paa lote, tukafunika nyumba kwa turubai. Mama alitazama akiwa uani kwa jirani.

"Irine, mwanangu, umenivua nguo mbele za watu."

"Nitakurudishia, Mama. Paa lako lile lile, ila halitaumiza mtu tena."

"Kabla ya Krismasi?"

"Kabla ya Krismasi."

Niliropoka. Mzigo wa paa la Mama ulipotoka tanurini, tulipima kipande kwa hadubini tukakuta nyuzi bado zipo. Moto haukufika katikati. Brayson, msimamizi wetu, alinivuta pembeni.

"Ukitaka tufyatue vigae hivyo hivyo, mimi sitakuzuia. Najua hali ya mama."

Nilitamani kukubali, Mungu anajua. Lakini chini ya paa lile angebaki Baba, na wajukuu wangekuja likizo. Nikamwambia mzigo urudi motoni.

Kila nilipopiga simu, Mama aliuliza kwa sauti iliyokatika katika, "Vimeiva?" Utadhani anauliza maharage.

"Bado kidogo, Mama."

Alifariki Jumapili moja ya Majilio, Krismasi ikikaribia, watu wakiwa kanisani, turubai likipigwa na upepo wa mlimani juu ya kitanda chake. Siku ile ningepewa nyundo ningelivunja lile tanuri vipande vipande.

Vigae vilitoka baada ya mazishi. Tulipima, tukarudia kupima, havikuwa na unyuzi hata mmoja. Baba hakutaka viwekwe juu ya nyumba.

"Vipeleke kwa mwenyewe," alisema.

Basi nyumba tukaiezeka kwa bati, na vigae tukavitandika juu ya kaburi la Mama, kule migombani. Vilikuwa na rangi ya kahawia, kama udongo wetu.

Asubuhi ya Krismasi nilikuwa nachochea moto wa chai niliposikia mkwaruzo ninaoujua tangu utotoni. Nilikimbia. Baba alikuwa amepiga magoti kaburini na ile brashi ya waya, anasugua, vumbi limemjaa hadi kwenye nyusi.

"Baba, acha!" Nilipiga kelele, nikampokonya brashi.

Alinitazama kwa mshangao. "Wageni wanakuja, Irine. Mama yako hapokei watu paa likiwa na matope."

Ndipo nikakumbuka kwamba vumbi lile limekwisha kufa. Nililiona mwenyewe kwenye hadubini. Nikamrudishia brashi.

"Sugua tu, Baba. Hili halidhuru."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Aliishika brashi bila kuitumia, akaugeuza geuza ule mpini uliolainishwa na kiganja cha Mama.

"Miaka yote ile mimi nilishika ngazi tu," alisema. "Sikumpokea brashi hata mara moja."

Akainama, akaendelea kusugua kwa nguvu zake zote, machozi yakidondokea kwenye vigae. Nikapiga magoti kando yake, nikawa namfuta vumbi kichwani kwa kanga yangu huku nalia.