Asubuhi Isiyo na Filimbi

Mama Filimbi alipandwa na hasira saa moja na ushee asubuhi, na hadi saa nne ilikuwa haijampungua hata chembe. Alikuwa sajenti wa polisi, miaka kumi na tisa kazini, na jina hilo alipewa na watoto wa shule ya msingi aliowavusha barabara kila siku ya masomo kwa miaka kumi na mmoja. Hakutumwa na mtu. Siku moja aliona lori likimkosakosa mtoto, kesho yake akasimama pale na filimbi yake, na hakuondoka tena, hadi kituo kikamwandika kwenye ratiba. Matuta aliyaomba kwa barua sita. Barua zilijibiwa vizuri sana, matuta hayakuja.

Sasa wakubwa walikuwa wamekumbuka kumpa cheti cha utumishi kwa jamii. Kwa ajili ya kipande hicho cha karatasi, leo aliitwa uwanja wa kituo alfajiri kufanya mazoezi. Hatua nane, simama, piga saluti, pokea, geukia mpiga picha, tabasamu.

"Na watoto, afande?" aliuliza.

"Asubuhi moja tu, Sajenti," mkuu wa kituo alimjibu. "Kwani watakufa?"

Naye akatii. Hilo ndilo lililomchoma kuliko yote, kwamba alitii. Alirudia hatua zile mara tano kama bibi harusi, huku kule kivukoni gari likimgonga binti wa fundi cherehani. Mguu wa mtoto ulivunjika mahali pawili. Na fundi huyo huyo ndiye aliyempunguzia sare kiuno juzi, ili apendeze kwenye picha. "Usinishukuru, dada," alimwambia akiwa na pini mdomoni. "Wewe unanivushia mwanangu."

Sare hiyo alikuwa ameivaa sasa, na ilimbana kila alipovuta pumzi.

Mkuu alimwita mapokezi. Daftari la matukio lilikuwa wazi mezani, na kwenye benchi ukutani dereva aliyegonga alikuwa akinywa chai ya kituo, miguu ameinyoosha kama yuko kwao.

"Andika wewe, kivuko ni chako," mkuu alisema kwa sauti ya upole. "Ulikuwepo, ukapiga filimbi, mtoto akachomoka ghafla. Basi, yameisha."

"Sikuwepo, afande. Ulinitoa wewe."

"Ratiba inasema ulikuwepo. Mgeni rasmi anafika saa nane. Unataka aanze kuuliza maswali?"

"Na fundi, mama yake, nimwambie nini? Kwamba mwanawe ni mtundu, kajivunja mwenyewe?"

"Watoto hawasikii, kila mzazi anajua. Mama, leo ni siku yako. Usituharibie."

Mama Filimbi alimtazama dereva, dereva akatazama chai yake. Akiandika alivyoambiwa, bwana huyu angerudi nyumbani kabla ya mchana, na fundi angebaki na mtoto mwenye mguu wa plasta na makosa yasiyo yake. Akavuta kiti, akachukua kalamu. Mkuu akashusha pumzi, akatoka kwenda kusimamia upangaji wa viti.

Aliandika polepole, kwa herufi kubwa, ili hata mwenye haraka asome:

"Saa moja na dakika tano asubuhi, mtoto wa kike wa miaka tisa amegongwa na gari akiwa katikati ya kivuko. Kivuko hakikuwa na askari. Askari wake alikuwa uwanja wa kituo, kwa amri ya mkuu wa kituo, akifundishwa kupokea cheti cha kuwavusha watoto."

Akaandika namba yake ya kazi, akatia sahihi, akatoka.

Mkuu aliporudi alisoma amesimama, kisha akasoma tena ameketi. Alishika kalamu muda mrefu. Daftari lile kurasa zake zina namba, halichanwi wala halifutwi. Ukitaka kukana neno unapiga mstari mmoja juu yake, unaweka sahihi yako pembeni, na neno linabaki linasomeka. Yeye mwenyewe ndiye aliyewafundisha hivyo askari wote wa kituo kile.

Dereva aliweka kikombe chini akauliza kama anaweza kwenda.

"Kaa hapo," mkuu alisema.

Kutoka barabarani, mbali kidogo, ilisikika filimbi. Watoto wa madarasa ya chini walikuwa wanatoka.